Nakala Mbili za Habari za Kilwa: Ipi Iaminiwe?

Habari za masultani wa Kilwa Kisiwani zimehifadhiwa katika nakala mbili. Moja ni muhtasari wa Kireno uliochapwa mwaka 1552 katika kitabu cha João de Barros. Nyingine ni hati ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza, London. Orodha zake za majina na miaka ya utawala hazilingani.

Tatizo kama hili huwapata pia mafundi wa kompyuta. Benki au hospitali huweka kompyuta ya akiba, inayopokea kila badiliko ili ishike kazi endapo ile kuu itaharibika. Nakala hizo zinapotofautiana, fundi hutafuta kwanza mahali kosa lilipoingia. Likiwa limeandikwa kwenye kompyuta kuu, ile ya akiba hulinakili kwa uaminifu. Likiwa limeingia njiani au katika diski ya akiba, kompyuta kuu ingali salama. Kusahihisha nakala moja kwa kuifuata nyingine kabla ya kujua hayo ni kuhatarisha kufuta iliyo sahihi.

Nakala mbili zinazobishana hazijiamulii. Hutakiwa shahidi wa tatu. Kwa kompyuta, shahidi huyo ni namba ya uhakiki. Tuseme mwaka 1505, Wareno walipoiteka Kilwa, umenakiliwa kimakosa kuwa 1550. Tarakimu zikijumlishwa tu, pande zote hutoa 11, na kosa halionekani. Lakini kila tarakimu ikizidishwa kwanza kwa nafasi yake, yaani 1, 2, 3 na 4, mwaka 1505 hutoa 31, na 1550 hutoa 26. Kosa limejifichua.

Kwa Kilwa, shahidi wa tatu ni sarafu, maana zilitengenezwa wakati wa watawala wenyewe na hazikupita mikononi mwa wanakili. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960, alikadiria kuwa Ali bin al-Hasan alianza kutawala karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye jina la Ali, pamoja na dinari za Fatimiya ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Kwa ushahidi huo, utawala wake ulirudishwa nyuma hadi karne ya 11.

Mwanafunzi anayenakili vipimo vya maabara naye na aihifadhi karatasi ya kwanza, hata ikiwa na madoa.