Kuandika Kipimo cha Bunduki

Tuseme askari wa akiba huku Fort Ternan amepewa bunduki aina ya G3, naye karani ameingiza katika kompyuta 7.62 peke yake. Hizo ni milimita za upana wa tundu la mtutu, na bunduki ya AK-47 ina upana uo huo! Tofauti imo katika ganda la risasi: la G3 lina urefu wa milimita 51, la AK-47 milimita 39. Ng'ombe wakiibwa, na ganda la 39 likaokotwa zizini, askari huyo atashukiwa bure. Basi na iandikwe 7.62x51.

Ile .303 ya Waingereza, waliyoijua wazee wetu wa KAR, hupimwa kwa inchi. Nukta ikisahauliwa, daftari litasema inchi 303, yaani mzinga ambao treni ya Kisumu ingeweza kupita ndani yake.