Karanga Haikungoja Korona

Korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, madaktari wa masikio, pua na koo walikuwa hatarini zaidi, kwani virusi hivyo hukaa puani na kooni. Upasuaji mwingi wa tonsili uliweza kungoja. Karanga iliyonasa katika njia ya hewa ya mtoto haikungoja. Madaktari wa Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2011 kuwa karanga ndiyo wanayoitoa humo mara nyingi.

Nasi Tarime na Serengeti tunamenya karanga watoto wakicheza papo hapo! Mtoto akipaliwa ghafla, kisha akakohoa siku nzima au kupumua kwa mlio, tusidhani ni mafua tu. Tusimtie kidole kooni. Tumpeleke hospitali, na tumweleze mganga alikuwa anakula nini.