Abiria wa Chembe za Mtoni

Maji yanapokupwa katika hori ya Mtoni Kijichi, Temeke, matope huachwa wazi, na humo mwaonekana mabaki ya matumizi yetu: vizibo vya chupa, nyuzi za nyavu, vipande vya ndoo. Hayo kila mtu ayaona. Yasiyoonekana ndiyo yatupasayo kuyazungumza leo.

Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya wataalamu waliochunguza fukwe na kombe katika sehemu 18 za pwani ya Tanzania. Mtoni Kijichi ilizishinda zote, ushindi usio wa kushangiliwa. Katika kilo moja ya mchanga na matope yaliyokaushwa zilipatikana chembe za plastiki zikaribiazo 3,000. Rasi Dege, upande wa kusini, zilikuwa 15 tu hivi. Chembe za namna hiyo hazifiki milimita 5, na hata ndani ya kombe zilikutwa.

Msomaji aweza kuuliza: vitu vidogo hivyo vina madhara gani? Jawabu limo katika asili ya plastiki yenyewe. Kwa kawaida plastiki hutokana na mafuta ya petroli. Na sumu kama DDT, au zile za PCB zilizotiwa katika transfoma za umeme za zamani, hazipatani na maji bali hupatana na mafuta. Zikiikuta chembe, huing'ang'ania. Mwaka 2001 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba plastiki iliyo baharini yaweza kukusanya sumu hizo mara laki moja hadi milioni moja kuliko maji yanayoizunguka. Chembe ni mtumbwi, sumu ni abiria.

Mito ya Kizinga na Mzinga huteremkia huko baada ya kupita katika makazi ya watu; tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 taka za jiji zilitupwa Mtoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa hatua ya kusifiwa, lakini marufuku haizoi kilichokwisha kuzikwa matopeni.

Hatusemi kwamba aliyekula kombe jana amekula sumu ya kumwua. Huko ni kuwatia watu hofu bure. Twasema kuhesabu chembe si kupima sumu. Serikali na Manispaa ya Temeke hazina budi kuzipima chembe za Mtoni pamoja na kombe wake, na kuyatangaza matokeo kwa Kiswahili, papo hapo ufukoni, kabla ya kombe hao kufika sokoni.