Natunza tovuti ya nyota wa sinema za kale, na humo ndimo nilimokuta babu zetu

UKIINGIA kibanda chochote cha muvi mtaani ukataja Jackie Chan ama Shah Rukh Khan, utapata watu kumi wa kubishana nawe hadi filamu iishe. DJ Afro amewafanya watu hao kuwa kama majirani zetu. Sasa jaribu kutaja Paul Robeson. Utatazamwa kana kwamba umetaja dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Ilhali huyo Robeson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1898, aliwahi kuonekana katika filamu moja na Jomo Kenyatta. Ndiyo, Kenyatta huyu huyu wa kwenye noti. Filamu inaitwa Sanders of the River na ilitoka Uingereza mwaka 1935. Robeson ndiye aliyekuwa nyota. Kenyatta alikuwa mwanafunzi London, mfuko mtupu, na alikuwa miongoni mwa Waafrika walioajiriwa kujaza kijiji cha kubuni kilichojengwa studioni. Akapewa nafasi ndogo ya chifu. Miaka 28 baadaye alikuwa anaongoza nchi.

Robeson mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo yetu. Mwaka 1934 alijiandikisha kusoma London, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha alizojifunza. Aliikubali filamu ile akidhani itaonyesha utamaduni wa Mwafrika kwa heshima. Ilipomalizwa kuhaririwa, ikawa wimbo wa kumsifu mkoloni. Alichukia, na baadaye akaikana kabisa.

Makala hayo ya Robeson na Kenyatta ndiyo yanayosomwa zaidi kwenye tovuti yangu. Manake hiyo ndiyo kazi yangu, kama utakubali kuiita kazi. Mimi ni msee wa miaka 26, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na sasa natunza tovuti ya mashabiki wa nyota wa sinema za kale. Kwa Kiswahili. Nyumbani walishachoka kuuliza inalipa ngapi.

Hailipi, tusidanganyane. Matangazo ya pale pembeni yananipa pesa ya bando. Ada ya jina la tovuti na ya mahali pa kuihifadhi naitoa kwenye kazi nyingine: nahariri video za harusi na kuandikia maduka matangazo. Mwezi ambao watu hawaoani, natunza tovuti kwa maombi.

Watu hudhani kazi ya tovuti kama hii ni kubandika picha za warembo na kungoja sifa. Sehemu kubwa ni kukataa vitu. Kila wiki mtu ananitumia maneno matamu ya Marilyn Monroe ambayo hakuna anayejua aliyasema lini, wapi, akimwambia nani. Kuna shairi moja la siri za urembo ambalo nusu ya intaneti inaapa ni la Audrey Hepburn. Liliandikwa na Sam Levenson, mwandishi na mchekeshaji wa Marekani. Hepburn alilipenda tu. Nimelieleza hilo mara nyingi hadi nimelihifadhi kwenye simu kama jibu la kunakili.

Sasa limekuja balaa la akili unde. Picha za nyota ambazo hazikuwahi kupigwa zinasambaa kila siku, ngozi laini kama ya mdoli, vidole sita mkononi. Mimi napenda picha yenye ushahidi. Studio za zamani zilikuwa zikitoa picha za matangazo kwa magazeti, na nyingi zina namba ndogo pembeni chini, namba ya filamu na ya picha yenyewe. Nyuma kuna muhuri ama karatasi ya maelezo iliyogundishwa. Ukipata upande wa nyuma umepata karibu nusu ya ukweli, kwa hivyo ukitaka tuelewane nitumie pande zote mbili.

Halafu kuna hakimiliki, jambo ambalo mablogi wengi hapa Kenya huliruka kama dimbwi la maji. Sheria yetu huilinda picha ama filamu kwa miaka 50. Lakini kompyuta inayohifadhi tovuti yangu haiko Kenya, na Marekani filamu za zamani hulindwa hadi miaka 95. Kwa hivyo naishi katikati ya sheria mbili nikitafuta mianya, na ipo. Charade ya mwaka 1963, ya Audrey Hepburn na Cary Grant, ilitolewa bila ilani sahihi ya hakimiliki na ikawa mali ya umma siku hiyo hiyo. Night of the Living Dead ya 1968 ilipatwa na hayo hayo: walibadilisha jina la filamu dakika za mwisho na ilani ikapotea na lile jina la kwanza. Shujaa wa filamu hiyo ni mwigizaji mweusi, Duane Jones. Hizo mbili unaweza kuzitazama bure leo bila kumwibia mtu.

Kinachoniumiza zaidi ni zile ambazo haziwezi kutazamwa na yeyote. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu 10,919 zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika hali yake ya kwanza. Theda Bara alikuwa moto wa kuotea mbali enzi zake. Mwaka 1937 ghala la kampuni yake lilishika moto huko New Jersey, kanda za wakati huo zikiwa za kemikali inayowaka kama petroli, na leo filamu yake ya Cleopatra imebaki vipande vya kuhesabu sekunde. Ana mashabiki hadi leo wanaoshabikia picha tupu.

Tovuti nazo hufa. Miaka ya tisini mashabiki wengi walikuwa na kurasa zao za bure kwenye GeoCities. Yahoo iliifunga 2009. Watu wa kujitolea na Internet Archive waliokoa walichoweza, kingine kikaenda na maji. Kwa hiyo kila ukurasa ninaoumaliza naupeleka Internet Archive siku hiyo hiyo, kabla hata sijawaambia wasomaji upo. Msee asiye na uhakika wa kodi ya nyumba mwezi ujao hawezi kuahidi kuwa hapa miaka kumi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini nawahangaikia Wamarekani waliokufa. Namjibu anayeuliza kwa kumpeleka kwa Sidney Poitier.

Mwaka 1957 Poitier aliigiza kama Kimani, kijana Mkikuyu anayeingia Mau Mau, katika filamu Something of Value. Rock Hudson alikuwa rafikiye Mzungu. Sehemu ya filamu ilipigwa hapa hapa Kenya, na ilitoka mwaka ule ule ambao Dedan Kimathi alinyongwa. Si filamu ya kujivunia sana, kusema kweli. Wakikuyu wenye maneno mengi humo ni Wamarekani weusi, na Wakenya wako nyuma wanapita. Lakini miaka miwili baadaye Tom Mboya alikuwa anatafuta nauli ya kuwapeleka vijana vyuoni Marekani. Nafasi zilikuwapo, ndege hakuna. Barua ya kuomba michango ikatoka na sahihi tatu: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji na mwigizaji Harry Belafonte, na Sidney Poitier. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka. Mwaka uliofuata, katika awamu ya pili, akaondoka Wangari Maathai.

Wakati huo Poitier mwenyewe hakuwa ameshinda Oscar. Aliipata Aprili 1964 kwa Lilies of the Field, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata kama mwigizaji mkuu. Kabla yake kulikuwa na Hattie McDaniel, aliyeshinda Februari 1940 na bado akaketishwa kwenye meza ya kando usiku huo huo. Na Dorothy Dandridge, mwanamke mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike, kwa Carmen Jones ya 1954. Nilianza tovuti kwa sababu ya Dandridge. Alishindwa na Grace Kelly, ambaye mwaka mmoja baada ya tuzo hizo aliolewa na mtawala wa Monaco. Dandridge alikufa 1965 akiwa na miaka 42, amefilisika.

Huyo Grace Kelly ndiye aliyenifikisha kwenye jambo linaloninyima usingizi sasa.

Mwishoni mwa 1952, hali ya hatari ikiwa imetangazwa wiki chache tu kabla, studio ya MGM ilimleta Kenya pamoja na Clark Gable na Ava Gardner kupiga filamu ya Mogambo, mwelekezi akiwa John Ford. Walipiga pia Tanganyika na kwingineko. Filamu ilitoka 1953 na ikawapa Gardner na Kelly uteuzi wa Oscar. Tazama orodha ya waigizaji mwanzoni. Wazungu wametajwa kila mtu kwa jina lake. Halafu wanakuja Wasamburu wa Koloni la Kenya, Wahaya wa Tanganyika, Wagenya wa Kongo ya Mbelgiji na Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Makabila mazima, kama vile kabila zima lilisimama mbele ya kamera. Hakuna jina la mtu hata mmoja.

Niliandika hilo kwenye tovuti, nikaweka picha. Baada ya wiki chache dada mmoja, Msamburu anayefanya kazi Nairobi, akaniandikia. Kwao wamekuwa wakisimuliwa kwamba marehemu babu yake alikuwa mmoja wa wale morani wenye mikuki. Binamu yake alikuwa ameitazama filamu, akanasa picha ya skrini na kuchora duara jekundu kwenye uso mmoja. Alichoomba ni kidogo: niandike jina la babu chini ya uso huo. Nyanya yake bado yuko hai, umri umeenda sana, na angependa kuliona.

Ningeliandika jioni ile ile na kila mtu angefurahi. Lakini jina likishaingia kwenye tovuti hunakiliwa na wengine, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayejua lilitoka kwa binamu mwenye kalamu nyekundu. Nikamwomba tufanye hivi: nitatoa picha tano tofauti za morani kutoka kwenye filamu, bila duara, bila maelezo, azipeleke kwa nyanya na asimwambie lolote.

Hilo halikumfurahisha. "Kaka, hao Wazungu wote uliwaandika majina bila kuwatafutia shahidi," akaniambia. Nikamjibu kwamba wao studio iliwaandika, nami nilinakili. Akasema ndilo tatizo lenyewe. Mpaka leo sina jibu la maana la kumpa, na sidhani lipo. Asiye na karatasi ndiye anayeombwa karatasi.

Lakini alikwenda. Nyanya alitazama zile picha kwenye simu siku nzima, akipumzika na kurudi. Hakumchagua yule wa kwenye duara. Alimchagua mwingine kabisa, kijana aliye ukingoni mwa picha ya nne, nusu ya bega lake imekatwa na fremu. Alipoulizwa amemjuaje alisema ni jinsi anavyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, na kwamba alisimama hivyo hadi uzeeni.

Binamu naye ameshikilia duara lake. Familia sasa ina nyuso mbili na mabishano ambayo hayakuwapo kabla yangu, na mimi namwamini mke. Hata hivyo sijaandika jina. Nimeweka picha zote mbili kwenye ukurasa mmoja na kueleza nani alimchagua nani, kwa ruhusa ya familia.

Kuna mzee mmoja wa rika la marehemu, anaishi upande wa pili wa Maralal, hawajaonana na familia hiyo kwa miaka mingi. Macho yake bado ni mazuri, wanasema. Mjukuu wake ni makanga hapa Nairobi na huenda nyumbani Desemba. Nimemtumia picha tano.