Shangingi Unguja: tazama chini kabla ya kutoa fedha

UZURI wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii inamfaa kila mkulima au mfanyabiashara wa Unguja anayetaka kutoa akiba ya miaka kununua gari la kifahari la kupita njia mbovu, maarufu kama shangingi. Rangi inayong'aa, viti vya ngozi na kioo cha ramani huonekana siku ya kwanza. Kinacholeta faida au hasara kiko chini ya gari, na hujulikana baada ya masika moja au mbili.

Unguja haina milima mirefu wala jangwa, lakini ina mtihani wake. Maadui wa gari hapa ni watatu: chumvi, jiwe na wembamba wa njia.

Chumvi huja na upepo wa bahari na mchanga wa pwani, ikajificha kwenye viungo vya chuma. Jiwe liko upande wa mashariki na kusini, kuanzia Michamvi hadi Makunduchi, ambako ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye ncha kali. Ukiacha lami na kufuata njia ya shamba au ya kwenda ufukweni kuchukua mwani, ncha hizo ndizo zinazochana matairi. Katika mabonde ya mpunga kama Cheju, tatizo hugeuka kuwa tope wakati wa mvua.

Wembamba ni wa Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Magari hupita barabara chache kama Kenyatta na Mizingani. Vichochoro vingi vya ndani ni vya waenda kwa miguu, baiskeli, pikipiki na mikokoteni. Toyota Land Cruiser 300 ina upana wa milimita 1,980, wakati Suzuki Jimny iliyotoka mwaka 2018 ina milimita 1,645. Tofauti hiyo ya sentimita 33 ni kubwa kwa mwenye duka anayeshusha mzigo huku gari jingine likisubiri nyuma.

Yalianza kama magari ya shamba

Magari haya hayakuzaliwa kwa ajili ya anasa. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na walengwa wakubwa walikuwa wakulima wa Uingereza. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Hata Range Rover, iliyotoka mwaka 1970 na kuoneshwa katika jumba la Louvre mjini Paris kama mfano wa usanifu bora, mwanzoni ilikuwa na viti vya plastiki ili mwenyewe aweze kuosha tope ndani kwa maji. Ngozi na mazulia vilikuja baadaye.

Kwa mkazi wa kisiwani, aluminiamu ina somo. Haili kutu kama chuma, hivyo Land Rover ya zamani inaweza kuonekana nzima kwa juu. Lakini chesisi yake ni ya chuma, nayo hulika kimyakimya. Pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu nayo huliwa. Mnunuzi anayetazama milango tu anaweza kununua gari lililokwisha.

Uwezo na gharama zake

Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016, na mpya ikatambulishwa mwaka 2019. Hii mpya haina chesisi ya kujitegemea. Bodi nzima ya aluminiamu ndiyo inayobeba. Ikiwa na mifuko ya hewa badala ya springi, inaweza kupita kwenye maji ya kina cha milimita 900. Huo ni uwezo mkubwa, lakini mifuko hiyo ina pampu yake na kompyuta. Ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe hawezi kuimaliza kwa spana na nyundo. Inahitaji kifaa cha kupima na kipuri kutoka mbali.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Watanzania huiita "mkonga" kwa sababu ya bomba lake la hewa, ilianza mwaka 1984. Ina chesisi ya chuma na gia nzito za kutokea kwenye tope. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na taboo inajulikana na mafundi wengi wa Afrika Mashariki. Haina raha, lakini hutengenezeka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, Suzuki Escudo za mwanzo nazo zina chesisi na gia nzito, na ni nyembamba. Toyota RAV4, iliyoanza mwaka 1994, imejengwa kwa misingi ya gari dogo. Inafaa lami na vumbi, si mizigo mizito juu ya mawe.

Piga hesabu kwanza

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Paje anayekwenda mjini na kurudi mara tatu kwa wiki, kilomita 100 kila safari. Gari la kilomita saba kwa lita litakunywa zaidi ya lita 14 kwa safari. La kilomita 12 kwa lita litakunywa nane na kitu. Kwa mwaka, tofauti inazidi lita 900. Kama safari zote ni za lami, kirikuu au gari dogo linatosha, na fedha iliyobaki inaongeza bidhaa dukani.

Anayehitaji kweli gari la njia mbovu azingatie haya:

Alale chini ya gari, agongegonge chesisi kwa nyundo ndogo. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ni ya kutilia shaka.

Achague ringi ndogo na tairi nene. Ringi kubwa huacha mpira kidogo, na jiwe la matumbawe hugonga chuma. Defender mpya hupatikana pia na ringi za chuma za inchi 18.

Ajaribu gia nzito kabla ya kulipa, si baada ya kunasa.

Aulize vipuri Darajani na kwa fundi wake kabla ya kuagiza gari, na kodi aithibitishe forodhani.

Akitoka ufukweni, aoshe chini ya gari kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Kwenye mchanga laini apunguze upepo wa matairi, na aujaze tena kabla ya kurudi barabarani.

Gari la biashara hupimwa kwa siku linazofanya kazi. Shangingi lililosimama juu ya mawe miezi mitatu likisubiri kipuri haliuzi mwani wala halifikishi ndizi sokoni, hata likiwa zuri namna gani.