Kasa akinaswa, nani atalipia wavu?

Chukulia wewe ni mvuvi wa Watamu. Umeingia baharini alfajiri, unavuta wavu, unakuta kasa. Nyuzi ashazikata akihangaika, na changu uliowafuata hawapo. Sheria ya Kenya inamlinda huyo kasa, sawa. Lakini huko majini nani anakuona? Nyama na mafuta yake yana wateja wa kichinichini. Ukimwachilia, nyumbani unarudi na nini?

Local Ocean Conservation, shirika la papo hapo Watamu, limekuwa likijibu swali hilo tangu 1998. Mvuvi akinasa kasa bila kukusudia, anapiga simu. Watu wa shirika wanafika, wanampima, wanamtia kibati chenye nambari kwenye pezi. Mzima anarudishwa baharini, mgonjwa analazwa kliniki. Mvuvi anapewa pesa kidogo za kufidia muda, simu na wavu. Maelfu ya kasa wameokolewa hivyo.

Kidogo? Mimi pia nilidhani ni uchoyo. Halafu nikapiga hesabu upya: zingekuwa doo nono, kesho vijana wangeacha tafi na changu, waanze kusaka kasa makusudi ili wakalipwe. Yaani mpango wa kumwokoa ungemfanya bidhaa. Zikiwa chache mno nazo, simu haipigwi, kisu kinatoka.

Kuna pia swali la pesa kumfikia nani. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko. Mapato yanaenda kwa kijiji: maji, shule. Hapo inafaa, maana mikoko ni ya wote, na anayekatazwa kukata si mtu mmoja. Lakini mwenye wavu uliochanika saa kumi na moja asubuhi humwambii kuna mfereji mpya kijijini. Hasara ni yake, pesa zimfikie yeye, tena siku hiyo hiyo.

Na msimu je? Wakati wa kusi bahari inachafuka, siku za kuvua zinapungua, hivyo wavu ukiharibika Juni unauma kuliko Januari. Kwangu mimi, kiwango kingejadiliwa na wavuvi wenyewe kwenye BMU yao, kabla mfadhili hajafunga bajeti. Wao ndio wanajua wavu unashonwa kwa ngapi.