Ukipanda Mlima Kenya kwa baiskeli, jua pia wakati wa kugeuza

Hebu nikuulize: mara ya mwisho kupanda mlima kwa baiskeli ilikuwa lini? Simaanishi kale kapandio ka kutoka mtaani kwenu hadi stejini. Nazungumzia mlima ambao gia zinaisha, pumzi inaisha, na kila ukimaliza kona moja unapata nyingine inakungoja.

Barabara ya aina hiyo iko hapa hapa Kenya. Inaanzia lango la Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi wa Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, na kupita msituni hadi kambi ya Old Moses. Ni takriban kilomita 9 tu. Ukisikia hivyo unacheka, si ndiyo? Hata mimi nilicheka.

Sasa piga hesabu. Lango liko karibu mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Old Moses iko karibu mita 3,300. Hizo ni mita 650 za kupanda ndani ya kilomita 9, yaani kila ukisonga mbele mita 100 unapanda mita 7. Na huo ni wastani. Kuna sehemu utapumzika kidogo, halafu mlima unakudai deni lote kwenye kona inayofuata.

Kwanza nikueleze mimi ni nani, ndiyo uelewe kosa nililofanya. Nilitoka chuo mwaka wa pili baada ya karo kukosekana. Siku hizi napeleka vifurushi kwa baiskeli katikati ya jiji la Nairobi, na usiku naandika. Miguu ninayo. Kitu ambacho sina ni uvumilivu wa kusikia neno "kuacha". Nyumbani kila shughuli lazima mjomba mmoja aulize, "Na ile shule uliacha?" Kwa hivyo nikianza kitu siku hizi, nataka kukimaliza hata kama kinaniua.

Beshte yangu, ambaye pia ni dereva wa pedali, alikubali twende. Tuliweka akiba miezi minne. Tukafunga mizigo kwenye baiskeli: hema, mablanketi ya kulalia, sufuria, unga, noodles na maji. Tulipanda matatu ya usiku hadi Nanyuki, baiskeli zikiwa juu kwenye keria. Kondakta alitaka kila baiskeli ilipe nauli kamili. Nikamuuliza, "Kwani itakaa siti gani?" Tukamalizana na nusu.

Tulishuka Nanyuki alfajiri, macho mekundu, hatujalala. Kutoka hapo ni kama kilomita 15 kwenye barabara ya kuelekea Meru, kisha unakata kulia na kupanda kilomita nyingine kama 10 hadi langoni. Tulifika Sirimon saa tano asubuhi. Askari mmoja mzee wa KWS alitutazama, akatazama mizigo, akauliza, "Vijana, mmelala wapi?"

"Kwa matatu, mzee," nikajibu.

"Basi laleni hapa leo. Kesho mpande."

Mimi nikaona anatuchelewesha. Tukapanda.

Kilomita tatu za kwanza zilikuwa tamu. Msitu ni baridi, miti mikubwa imevaa ndevu za kijani kibichi, na tumbili wanakuangalia kama umepotea njia. Kilomita ya tano, gia ndogo kabisa haikutosha tena. Tukawa tunaendesha dakika mbili, tunasukuma dakika tano. Kilomita ya saba, beshte akasimama na kushika kichwa.

"Bro, kichwa kinapasuka."

Nikamwambia anywe maji. Akanywa, akatapika. Nikamwambia zimebaki kilomita mbili tu. Unaona hilo neno "tu"? Ndilo nililomsukuma nalo karibu nusu saa, yeye akiyumba kama mlevi, mimi nikihesabu mita kwa simu.

Ninachotaka ukijue ni hiki. Ukiwa Old Moses, kila pumzi unayovuta ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayopata ukivuta pumzi ufukweni Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji muda. Ukipanda haraka, unaweza kupatwa na ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Haujali umri wala mazoezi. Mtu wa gym anaweza kuanguka na mama wa makamo akapita akipiga mluzi. Ukipuuza dalili na kuendelea kupanda, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba, na hapo ni kifo. Dawa ya kwanza ni moja: acha kupanda. Dalili zikizidi, teremka mara moja, usingoje asubuhi.

Nilikuwa nimeyasoma hayo yote kabla ya safari. Kusoma si shida yangu. Shida ni kwamba kichwani mwangu kugeuza baiskeli kulikuwa sawa na kutoka chuo mara ya pili. Nilikuwa nikimburuta beshte yangu mlimani ili mjomba asiwe na la kusema.

Alipokaa chini barabarani na kushindwa kufunga kamba ya kiatu chake, niliogopa. Nikageuza.

Kuteremka nako si lelemama. Baiskeli yangu ina zile breki za mpira unaobana rimu. Ukiwa na mzigo na mteremko mrefu, ukizishikilia bila kuachilia, rimu inapata moto na mpira unaisha haraka. Unatakiwa kubana kwa vipindi, breki zote mbili, kabla ya kona na si ndani ya kona. Lakini beshte hakuwa na usawa wa kuendesha. Tukashuka kwa miguu, kila mtu na baiskeli yake, kisha mimi na zote mbili kwa zamu: nasukuma moja mita 100, narudi kuchukua nyingine.

Saa kumi jioni, nyati akatokea barabarani. Mmoja, mkubwa, amesimama tu. Hatukupiga kelele, hatukukimbia. Tulirudi nyuma polepole hadi kwenye kona na kungoja. Nilingoja nikisikia meno ya mwenzangu yakigongana kwa baridi, nikijua giza likitukuta hapo ni mimi niliyetuleta. Baada ya kama dakika ishirini nyati akaingia msituni.

Tulifika langoni jua likizama. Yule mzee hakutukemea. Alisema tu, "Mlima hauhami," akatuonyesha pa kupiga hema. Kufikia usiku kichwa cha beshte kilikuwa kimepoa na akaweza kula. Nilimpikia noodles, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Wewe ulitoka chuo, sawa. Mimi sijakuwa karo yako." Bado nalifikiria hilo.

Tulilala hapo siku mbili. Siku ya tatu ni yeye aliyeamka na kusema twende, polepole, na yeyote akisema "rudi" hakuna maswali. Tuliacha nusu ya mzigo langoni. Tulifika Old Moses saa saba mchana, tukachemsha chai, tukaitazama Laikipia imetandazwa chini kama mkeka. Hatukulala huko. Tulishuka siku hiyo hiyo.

Ukitaka kwenda, chukua haya kutoka kwangu.

Lala Nanyuki au langoni angalau usiku mmoja, ikiwezekana miwili, kabla ya kupanda. Usiende peke yako. Ulizia masharti ya baiskeli na hali ya barabara langoni, kwa sababu mvua ikinyesha matope hayana huruma. Epuka Machi hadi Mei, na pia Oktoba hadi Desemba. Ada ya kuingia inalipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza kulipa ukiwa na intaneti. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku mbugani tangu Juni 5, 2020. Beba chupa ya kudumu. Vaa helmeti, hata ukienda kwa kusukuma. Badilisha mipira ya breki kabla ya safari, na beba mingine, tyubu ya ziada, pampu na viraka vya pancha. Beba sweta, koti la mvua na glavu, maana vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki.

Na usiseme huna baiskeli ya maana. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kujifunza mbio za milimani na kina David Kinjah kule Kikuyu. Yangu ni ya mtumba, imepakwa rangi mara mbili.

Ila kabla hamjaondoka, kubalianeni na mwenzako kuhusu lile neno "rudi". Mkubaliane mkiwa bado Nanyuki, mkiwa mmeshiba. Kule juu utapata sababu elfu moja za kutolisikia.